Kiti cha Mgeni

Layla alizaliwa Gitega, Burundi, akalelewa na mama asiyeruhusu mtoto kuzungusha macho katika nyumba ya watu. Ukikaribishwa, unakaa ulipoonyeshwa, unatazama mikono yako, unakunywa chai, unashukuru. Malezi mazuri sana hayo, na nusura yamkoseshe kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa anketi ya hali za watu. Alipelekwa Muyinga, mtaa wa Waswahili, na tableti ndani ya mkoba, aulize nyumba kwa nyumba: mnakula mara ngapi, paa ni bati au vigae, kuku wapo, redio ipo, foteyi ipo, ile ya mito ya kukalia? Majibu yakikusanywa ndipo itajulikana umaskini wa mkoa umefika wapi.

Watu walimpokea vizuri mno. Kila mlango aliobisha hodi aliambiwa angoje kidogo, wanafagia. Akasikia nyayo uani, na kicheko cha kubanwa, kisha akaingizwa na kukalishwa kwenye foteyi laini yenye kitambaa cheupe mgongoni. Ikaja chupa ya chai yenye picha ya kasuku. Layla akainamisha macho kama alivyofundwa, akauliza, akajibiwa, "Iko, tunashukuru Mungu." Akaandika ipo.

Nyumba moja tu ilishindwa kumkalisha juu. Bi Salama, mjane anayeshona kofia, alimtandikia mkeka na kuomba radhi mara nyingi kuliko alivyojibu maswali. Hapo Layla akaandika hakuna.

Kazi ilipokaribia kwisha, Esdras akapiga simu kutoka Gitega, majibu ya tableti yamemfikia. Huyo ndiye shefu wake, mkubwa wa kazi, na alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Foteyi kila nyumba, chupa ya chai kila nyumba. Mtaa mzima umetoka duka moja siku moja? We dada umekaa mahali, umepika nyumba moja, ukaipakulia mtaa."

Layla akajitetea, akamtajia nyumba moja moja. Esdras akasema kesho anakuja kupita nyumba hizo mwenyewe. Akikuta uongo, kontra imeisha, mkataba hakuna tena. Na kontra hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa za presha za mama yake Layla, tena mama alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti yake ana kazi ya tableti.

Kesho yake Esdras akashuka kwenye basi, miwani juu ya paji la uso, hata chai hakutaka. Wakaanza kwa Husni, fundi cherehani. Wakangojeshwa, panafagiwa. Wakaingia, Esdras akakalishwa kwenye foteyi nyekundu, Layla akapewa kigoda. Chai asiyoitaka ikaletwa ndani ya chupa ya kasuku, akainywa vikombe viwili. Yeye hakulelewa na mama yake Layla, kwa hiyo alikagua mpaka darini. Vitu vyote vilikuwepo. Akaitikia kwa kichwa, na Layla akapumua.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Theodosia, mwanamke wa Uvira anayeleta vitenge kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Mlangoni Esdras akajipapasa kutafuta miwani, asiione, akadhani ameiacha kwenye basi. Wakaambiwa wangoje, panafagiwa. Layla akatazama chini. Ua ulikuwa umefagiwa tangu asubuhi, mistari ya ufagio bado imelala, hata kuku hawajaikanyaga.

Ndani, foteyi ilikuwa nyekundu. Esdras akaketi, akashtuka kidogo, akaingiza mkono pembeni ya mto, akaitoa miwani yake.

Theodosia akainua macho, akawa anahesabu mabati ya paa.

"Mama Theodosia," Esdras akasema akiivaa, "hii foteyi ni yako?"

"Iko, tunashukuru Mungu."

"Na miwani yangu nayo iko?"

Theodosia akajaribu kujizuia, tumbo likamcheza, kicheko kikamtoka chote. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Sasa shefu, mgeni tumuweke chini? We mama yako angemuweka mgeni chini?"

Mambo yakatoka. Foteyi ilikuwa ya Bi Salama, aliyonunuliwa na marehemu mumewe, na haikuwa na kwao. Mgeni akionekana kona ya barabara, inapitishwa penye pengo la ua mpaka nyumba anayoelekea, na chupa ya chai inafuata. Siku Layla alipofika kwa Bi Salama, foteyi ilikuwa kwa Husni, inamsubiri yeye huyo huyo. Basi waliokuwa hawana wote wameandikwa wanayo, na mwenye nayo ameandikwa hana.

Layla alitamani ardhi immeze. Utotoni Gitega amebeba sahani za majirani kichwani mara ngapi, kwa sababu hiyo hiyo? Alijua mambo ya kumkopea mgeni tangu hajaota meno ya ukubwani. Ila hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mgeni angekuwa yeye.

Esdras hakuomba radhi, mashefu hawana mazoea hayo. Alisema tu mtaa wote urudiwe, na kwamba safari hii Layla asiingie kama serikali.

Layla akapitia uani. Akakaa mkekani, akachambua maharage pamoja na wenye nyumba, na maharage yalipoisha ndipo akauliza. Wakamwambia. Husni alisema sufuria yake siku hizi inapanda jikoni jioni tu, na mchana watoto wanakula hadithi. Walicheka, akaandika.

Bi Salama alitaka kujua kama foteyi itamkosesha msaada. Layla akajibu kweli kwamba hajui.

"Basi andika ni yangu," Bi Salama akasema. "Lakini andika pia kwamba haikai nyumbani."

Tableti haikuwa na swali la namna hiyo. Layla akayaandika maneno hayo penye nafasi ya maoni.

Mwezi uliofuata Esdras mwenyewe alipeleka kontra mpya kwa kina Layla, Gitega. Layla akatoka jikoni na chai, akamkuta shefu wake amezama kwenye foteyi ya kijani ambayo yeye hajawahi kuiona maishani. Mkono wa Esdras ulikuwa pembeni ya mto. Ukatoka na soksi ya mtoto mchanga, na nyumba hiyo mtoto wa mwisho alikuwa Layla.

Esdras akaitazama soksi, akamtazama Layla, akairudisha taratibu.

"Kiti kizuri, mama."

"Iko, baba," mama akasema. "Tunashukuru Mungu."