Jina, Mji, Msimamo

...jina, mji, msimamo, basi, maana karani wa kamati ya bunge la jimbo amesema mara mbili kwamba maelezo wameshayatoa mashahidi wakuu, walio kwenye foleni wasiongeze neno, na Araceli anajikaririsha kimoyomoyo, Araceli Tovar, Fontana, Chama cha Wafanyabiashara, napinga, huku mtoto wake Noemí akikohoa begani mwake, kikohozi kilekile kikavu cha tangu Januari, daktari aliuliza kama wanaishi karibu na maghala, naye akajibu kwamba mume wake ni dereva, kana kwamba hilo ni jibu... mbele yake watu sita, mama wa fulana ya kijani amegeuka, hawa wa kijani ndio wanaotaka mswada upite, malori yasikanyage mtaa wenye nyumba wala shule, na ukipita, lori la mume wake Efraín, lao la pekee, halitafika nyumbani, litazunguka saa nzima zaidi, ghala linalompa kazi nalo litamtafuta mwenye lori aliye karibu, na usipopita, moshi utaendelea kuingia dirishani kwa Noemí... "Mhamishie bega la kushoto," mama yule ananong'ona, "na hilo begi nipe nikushikie, mwanangu," na amelichukua kweli, begi la nepi la mpinzani wake, beji ya chama ameiona, macho yake yalitua pale, bado akanyoosha mkono... sasa mtu kama huyu nampinga nini hasa, asubuhi kwenye basi Araceli alimuuliza Bwana Quiroga, katibu wa chama, kwa nini mswada wa nyumba unasikilizwa ghorofa ya juu na huu wa malori huku chini, ule unaruhusu nyumba zijengwe kandokando ya maghala, huu unakataza malori kupita penye nyumba, hivi miswada hiyo miwili imewahi kuonana? Quiroga hakumcheka, alitoa kalamu akayaandika maneno yake, akasema hiyo ndiyo hoja yote ya chama, jimbo linataka nyumba na linataka mizigo, ila barabara ya malori ya kupita nje ya mji hakuna anayeitaja, ijengwe kwanza, chama kitaunga mkono siku hiyohiyo, "lakini kwenye foleni fupisha, dada, sema napinga tu," na yeye akaona sawa... watu wanne... na huyu mama je, barabara hiyo angeikataa? Anamuuliza, kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto, maana kikohozi kimetulia, bega la kushoto kumbe, na mama anafikiri, anafikiri kweli, hajibu kwa haraka ya kushinda, "Barabara hiyo nimeiomba miaka tisa," anasema, "mwanangu wa kwanza ni dereva wa lori"... miaka tisa, basi wote wawili wamesafiri usiku kucha mpaka Sacramento kuomba barabara moja, mmoja akiita naunga mkono, mwingine akiita napinga, na wale walio mezani wataandika alama mbili zinazogombana... wawili sasa, Araceli anajikaririsha tena, Araceli Tovar, Fontana, Chama cha Wafanyabiashara, napinga, na neno halikubali kuishia hapo, mpaka barabara ya malori ijengwe, ni maneno matano zaidi, karani akitaka kumkatiza amkatize, ila atayasema upesi, na atayatanguliza kabla ya napinga, ili barabara isikike kwanza.