Upande wa Pili wa Futi

Mzee Futi, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, alikuta begi limefungwa mlangoni: kandambili, taulo, shuka. Aliyelifunga ni bintiye wa kwanza, aliyejifunzia kuhesabu chini ya cherehani hiyohiyo.

"Baba, inuka. Unapasuliwa kesho. Nimeshapanga na hospitali nyingine."

"Umepanga na nani? Tumbo langu hili."

"Wadogo zangu wote wamekubali."

"Basi wakapasuliwe wao!"

Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwa mzee ulikuwa umetuna. Wiki iliyopita daktari aliwaambia mzee na bintiye: nne nukta mbili, bado mdogo. Tutaupiga picha kila miezi sita, na sigara uache leo. Ukifika tano na nusu, ndipo tuongee habari ya kisu. Kwa mdogo kama huu, wanaowahi kupasuliwa hawaishi zaidi ya wanaoangaliwa. Mzee alitoka pale akaitupa pakiti pipani, wala hakugeuka.

"Mshipa wa nne nukta mbili, baba! Nilipowaonyesha wadogo zangu kwenye futi, kitindamimba wako alilia." Binti akaichomoa futi shingoni mwa babaye, akaivuta hadi nne nukta mbili. Ilizidi upana wa kiganja.

Mzee akatazama kidole kilipobana. Akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mwanangu, huo upande wa inchi."

"Kwani sisi tunapimia nini?"

"Sisi tunapima suruali. Daktari anapima kwa sentimeta." Akaigeuza. Nne nukta mbili ya upande wa pili haikufika hata urefu wa kidole gumba.

Binti akaketi juu ya begi. Aibu ilipita, hofu ikabaki. "Na mshipa ukipasuka wenyewe?"

"Hata kisu kinaua, mama. Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Uhai ni wa Mungu, tarehe ni za daktari, na sitaikosa hata moja. Lakini nikatwe kwa sababu nyinyi mmeogopa? Thubutu!"

Akatunga uzi mwekundu, akashona alama kwenye futi, penye sentimeta tano na nusu.

"Ukifika hapa, begi nitalibeba mwenyewe. Kabla ya hapo, atakayeniletea mkasi alete na kitambaa."

Binti akafungua begi, akatoa shuka. Halikuwa limepindwa ukingo. Mzee akamnyang'anya, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga pedali.