Ganda Lililopigwa Mara Moja

Jumamosi moja mwanzoni mwa Septemba, Merle Stoltz alikuwa akitambaa kwa magoti jikoni na pimamaji mkononi, akitafuta mahali palipo sawa. Nyumba yao ilikuwa ya bati, ya aina inayoletwa nzima na lori, na tangu ishushwe pale chini ya mlima ilikuwa imelalia upande wa choo. Chumbani kalamu ikidondoka ilijiendea yenyewe hadi ukutani. Mahali pekee ambapo kiputo cha pimamaji kilitulia katikati palikuwa kati ya jiko na friza, pale pale anaposimama mkewe, Norma, akipika.

"Hapo siyo," alisema Norma. Alikuwa akimenya matufaha ya pai.

"Hapa ndipo panapokaa sawa."

"Na mimi nisimame wapi? Juu ya friza?"

"Ni meza ya kukunja, mke wangu. Ndiyo raha yake. Nikimaliza naikunja."

"Ile baiskeli ya mazoezi nayo ilikuwa ya kukunja."

Merle alikunjua miguu ya meza, akakaza nati, akaifunga juu yake mashine ya kujazia risasi. Meza nyepesi huruka kila mpini ukivutwa, kwa hiyo aliweka mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ubao wa chini ili itulie. Kisha akapanga vitu vyake kwa nafasi: mizani ndogo, kitambaa chenye mafuta ya kupaka maganda, boksi la fataki ndogo za kuwashia baruti, mkebe wa baruti, na makopo ya kahawa yaliyojaa maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa, mengine yake na mengine ya wenzake, aliyookota miaka yote. Huku kaskazini mwa Pennsylvania ganda halitupwi, hujazwa upya. Mtu akifyatua, kulungu aanguke au akimbie, jicho lake kwanza hufuata ganda lilikoangukia.

Halafu akatoa masharti. Jiko lisiwashwe baruti ikiwa wazi. Feni isizunguke, mizani itatetemeka. Mlango usifunguliwe ghafla.

"Na kupumua?" aliuliza Norma.

"Pumua, lakini siyo upande huu."

Zamani, walipokuwa na nyumba kubwa, kabla magoti ya Merle hayajazikataa ngazi, kazi hii aliifanya katika chumba cha chini ya ardhi. Norma huko juu alisikia mlio wa mpini tu. Hakuwahi kuyasikia maganda. Ganda likisukumwa fataki yake ya zamani itoke, nalo hutoa yale yaliyosemwa mara tu lilipofyatuliwa: kwanza mlio, mdogo kama chafya ya mtoto mchanga, kisha maneno. Husema mara moja, basi, halina tena la kusema. Wanaume wa kambi ya uwindaji wote wanalijua jambo hilo, ndiyo maana kila mmoja hujazia risasi zake kwake, amefunga mlango.

Merle akavuta mpini.

"Nimekosa," lilisema ganda la kwanza.

La pili likatoa tusi refu lililomgusa mama yake kulungu. La tatu lilikuwa na sauti ya marehemu Mchungaji Amsbaugh, nalo lilikuwa baya kuliko la pili. La nne lilikuwa na mtu anayetafuna.

"Kumbe hayo ndiyo mazungumzo yenu ya huko," alisema Norma, na kisu kikazidi kasi kwenye tufaha.

"Usisikilize."

"Niende wapi nisisikie? Umeniachia nafasi ya kuku!"

Mlango ukafunguliwa ghafla, mizani ikatetemeka, Merle akaguna. Alikuwa Eldon Rupert, mdogo wake Norma, aliyekuja kunywa kahawa kama kila Jumamosi. Eldon alikuwa na mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa plastiki.

Habari za mguu ule zinajulikana wilaya nzima. Kila vuli, katika ukumbi wa zimamoto, vijana wanaotaka leseni ya kuwinda hukaa darasani, na Harlan Fisk, mkuu wa kambi, husimama akawasimulia jinsi Eldon alivyopanda mti akiivuta bunduki nyuma yake kwa kushika mdomo wa mtutu, ikafyatuka, akajipiga mwenyewe. Watoto huandika. Kwenye mtihani kuna swali lake. Na kwa kuwa kanuni ya kambi ni kwamba aliyefyatua kwa uzembe harudi, Eldon alinyang'anywa kitanda chake cha kambini. Siku zote amesema kwamba bunduki yake haikufyatuka. Walimwambia maumivu yamemsahaulisha. Alichokitaka, kabla uzee haujamkaza mguu uliobaki, ni kutolewa katika somo lile na kurudishiwa kitanda chake, cha chini, karibu na jiko la kuni.

"Kahawa ipo, dada?"

"Ipo ya alfajiri, imepoa. Jiko langu limepigwa marufuku."

"Na nani?"

"Na huyo bwana afya hapo."

"Baruti iko wazi, shemeji," alisema Merle. "Unataka turuke wote na pai?" Na bila kutazama, mkono wake ukazama hadi chini ya kopo, ukatoa ganda, ukalitia kwenye mashine na kuvuta.

Mlio mdogo. Kisha kilio cha mtu, mbali, kati ya miti. Kisha sauti ya Merle, bado ya ujana kidogo: "Harlan. Harlan, yule si kulungu." Na sauti ya Harlan Fisk: "Ni Eldon. Nyamaza. Okota ganda lako. Tutasema alijipiga."

Fataki ya zamani ikadondoka kwenye kikombe cha mashine.

Eldon aliweka chini kahawa yake iliyopoa. "Niliwaambia," alisema.

"Ulituambia," alisema Norma. Akamgeukia mumewe. "Merle. Ganda lile ulilihifadhi?"

Merle alilitazama. "Lilikuwa jipya. Limepigwa mara moja tu."

"Umempiga ndugu yangu, ukaweka akiba ganda?"

"Shaba haitupwi, Norma."

"Na mimi kila vuli nakufulia soksi za kuwindia! Nazianika moja moja!"

Norma alimpigia simu Harlan Fisk, naye alifika wakati wa chakula cha mchana ambacho hakikuwa kimepikwa. Alivua kofia ya kambi, akaketi, akaelezwa.

"Lilisema lote?" aliuliza.

"Lote," alisema Norma.

"Na jina langu?"

"Mara mbili."

Harlan alimtazama Merle kwa uchovu. "Nilikwambia uliokote. Sikusema ulitunze."

"Basi utakwenda kusema ukweli," alisema Norma.

"Kwa nani, mama? Ganda limeshasema, limekwisha. Hata likisema tena, ganda haliapi mahakamani. Halafu somo lile ni zuri. Tangu nianze kulifundisha, hakuna mtoto wilaya hii aliyeivuta bunduki kwa mdomo wa mtutu. Nikiwaambia alikuwa Merle, watajifunza nini?"

"Kutazama kabla ya kufyatua!"

"Hilo lipo sura ya pili."

Norma aliinua kisu cha matufaha, akakishusha, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukizungusha.

"Lakini sisi si wanyama," aliendelea Harlan. "Eldon, kitanda chako kipo. Tutasema kambi imekusamehe. Jambo moja tu: uje darasani mwisho wa mwezi, usimulie wewe mwenyewe. Watoto wakimwona mtu mwenyewe na mguu wenyewe, linawaingia."

"Toka jikoni kwangu," alisema Norma.

Eldon alikuwa akiitazama kahawa yake. "Cha chini?" aliuliza.

"Cha chini."

"Karibu na jiko?"

"Eldon!" alisema Norma.

"Dada, wewe una jiko lako."

"Sina! Hulioni limezibwa?"

Merle, ambaye kwa muda huo wote alikuwa akilipaka ganda lile mafuta, alikohoa. "Godoro nitakubebea mimi, shemeji," alisema. Kisha akaliweka ganda kando, tayari kujazwa.

Mwisho wa mwezi, Norma alimpeleka ndugu yake kwenye ukumbi wa zimamoto kwa gari, akakataa kuingia. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi, akasikia kila kitu bila kutaka. Eldon alisimulia vizuri kuliko Harlan alivyowahi kusimulia. Aliongeza gome la mti lililolowa. Aliongeza upepo, na glavu iliyombana kidole. Msichana mmoja aliuliza kama iliuma, Eldon akamjibu kwamba siyo papo hapo. Kisha akakunja suruali wauone mguu, na viti vikasikika vikiburutwa wote wakisogea mbele. Mwishoni walipiga makofi.

Alitoka na kofia mpya ya kambi kichwani, akaingia garini, akafunga mkanda.

"Umewaambia?" aliuliza Norma.

"Nimewaambia."

"Kwamba ulijipiga."

"Kwamba nilijipiga."

Norma aligonga usukani kwa kiganja. Honi ikalia, na watoto waliokuwa wakitoka wakampungia mkono Eldon, naye akawapungia.

"Unajua, dada," alisema, "nilipofika pale pa kuivuta bunduki tawini, nilikaribia kukumbuka ikifyatuka."

Norma akatia gia.