Kabati la Kocha

Habari ya kufukuzwa kwa kocha ilitoka redioni Jumatatu saa nne asubuhi, fundi Spika akiwa amelala chali chini ya meza ya mteja, akitafuta ni mguu upi uliokuwa mfupi. Alisikia kila neno. Uongozi wa klabu umeachana na kocha mkuu kwa makubaliano ya pande zote mbili, unamshukuru kwa mchango wake, unamtakia kila la heri huko aendako. Kisha likaja tangazo la sabuni.

Spika hakutoka chini ya meza. Alibaki pale anatazama mbao.

Jina lake halisi lilikuwa la kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Spika kwa ajili ya sauti yake. Akiita mtu dukani, mbwa wa mtaa wa pili wanaitika. Kwa miezi miwili sauti hiyo ilikuwa na kazi moja. Kila mechi ya nyumbani alisimama ngazi ya tatu, nyuma kabisa ya benchi la ufundi, akaweka viganja mdomoni na kuanzisha, "Kocha!" Uwanja ukajibu, "Ondoka!" Hakuwahi kuhitaji kipaza sauti.

Sasa kocha ameondoka. Spika akasubiri furaha ije. Kilichokuja ni maumivu ya kiuno, akajivuta akatoka.

Kufika mchana karakana ilikuwa imejaa. Tawi lao la mashabiki halikuwa na ofisi; lilikuwa linakutana hapo, watu wakikaa juu ya chochote ambacho hakijapakwa vanishi. Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye alikuwa amefunga duka kabisa.

"Si nilisema?" Shemeji aliingia meno nje. "Sare saba mfululizo! Timu inacheza kama imeandikiwa mapumziko na daktari. Spika, kaka, hii ni kazi yako. Wewe ndiye uliyemng'oa!"

Watu wakapiga makofi. Spika akashika randa, akaendelea kulainisha ubao.

"Huyu ni wa sita ndani ya miaka minne," alisema Mwalimu. Huyu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na alikuwa shabiki wa timu tangu wengi waliokuwa mle ndani hawajazaliwa. "Nyinyi mnabadilisha makocha kama soksi, halafu mnashangaa miguu bado inanuka."

"Kwa hiyo ulitaka tumfuge, Mwalimu?"

"Nilitaka anunuliwe mshambuliaji. Kaomba mshambuliaji, kaletewa kipa wa tatu. Kipa wa tatu! Amfungie nani goli?"

"Kocha mzuri anafanya kazi na alichopewa."

"Haya. Kesho nakuletea baiskeli mbovu dukani kwako, uniuzie kama pikipiki."

Wakacheka, wakabishana, wakarudi pale pale. Mmoja akasema tatizo ni mazoezi, mwingine akasema tatizo ni mwenyekiti, mwingine akasema tatizo ni jezi mpya, tangu zije hatujashinda. Kila baada ya dakika kumi mtu anaingia na kuuliza, "Mmesikia?" na mjadala unaanza upya. Ilipofika saa kumi Spika alikuwa amechoka kuliko siku ya kubeba magogo.

"Mbona kimya?" Shemeji akamuuliza. "Umeshinda vita, unakaa kama mfiwa?"

"Nina kazi za watu, shemeji."

Jumatano asubuhi akapigiwa simu na mwenye nyumba mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Kuna mpangaji wake anafungasha, anahitaji fundi wa kufungua samani na kupigilia makreti. Nyumba ya geti la kijani, aende mara moja. Spika akabeba sanduku la vifaa, akaenda bila kuuliza zaidi.

Geti lilifunguliwa na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani na kushika utepe wa gundi wa kufungia maboksi. "Karibu, fundi. Utatusamehe, nyumba iko shaghalabaghala." Nyuma yake, sebuleni, mwanamume mmoja mwenye kandambili na fulana iliyopauka alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Akainua uso.

Spika akasimama pale pale na sanduku lake. Alikuwa amemtazama mtu huyu miezi yote hiyo, lakini kisogo tu: kisogo, mabega, kofia. Kumbe ana uso. Kumbe ana mvi kwenye ndevu, na amevaa miwani ya kusomea.

"Karibu sana, fundi," alisema kocha.

Spika akaitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kusema. Sauti ile, mtu akiisikia mara moja haisahau. Akagusa koo lake, akanong'ona, "Mafua."

"Pole," mke wa kocha akasema. "Ngoja nikuchemshie maji ya limau." Naye kweli akaenda, katikati ya fujo ile, akatafuta kikombe ndani ya boksi alilokwisha kulifunga. Spika akapokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa na asali. Akayanywa yote.

Akafungua meza, akafungua vitanda viwili, kimoja kidogo, kimebandikwa picha za vipepeo. Halafu akafika kwenye kabati la chumbani. Lilikuwa kabati zito, la mbao ngumu, la milango mitatu, kazi ya fundi aliyejua kazi. Lakini alipotia bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, skrubu ikatoka yenyewe, bila kuzungushwa. Ya pili vilevile. Akachungulia tundu. Lilikuwa limepanuka, mtu amelijaza njiti za kiberiti. Na juu ya njiti, karatasi. Na juu ya karatasi, nta. Matundu yote yalikuwa hivyo.

"Hilo limefunguliwa mara saba," mke wa kocha alisema kutoka mlangoni. "Ni zawadi ya arusi, kalitengeneza baba yangu. Kila timu, tunalifungua, tunalifunga. Safari hii nimemwambia mume wangu, tuliache. Anasema hapana." Akatabasamu kidogo, uso umechoka. "Kule tulikotoka tulikaa miezi mitano. Kuna maboksi hata sikuyafungua."

Spika alikuwa ameitiwa kufungua tu. Lakini akatoa patasi, akakwangua njiti na nta, akachonga vijiti vya mbao, akavipaka gundi, akavigongea ndani ya kila tundu, kimoja baada ya kingine. Matundu ishirini na nne. Kocha alikuja, akasimama, akaangalia.

"Hiyo sikukuomba, fundi."

Spika akapunga mkono tu, kwamba si kitu.

"Basi acha nikusaidie kushika."

Wakatoa milango. Wakatoa mgongo. Ubavu wa kushoto ukabaki umesimama wenyewe, umeegemezwa ukutani, na kocha akainama mbele yake kuokota bawaba. Spika alikuwa upande wa pili wa chumba, mikono imejaa. Akaona ubavu ule unaanza kuteleza. Polepole kwanza, kisha si polepole.

"Kocha! Ondoka!"

Nyumba nzima ikatetemeka. Kocha akaruka nyuma. Ubavu ukaanguka pale alipokuwa ameinama, puu, vumbi likapanda.

Wakabaki wanatazamana. Bawaba ilikuwa bado mkononi mwa kocha.

Mke akaja mbio. "Kuna nini huku?"

"Hakuna kitu," kocha akajibu bila kuondoa macho kwa Spika. "Fundi ameniokoa. Nilikuwa nivunjike shingo."

"Asante, fundi. Eh, na sauti imerudi!" Mke akarudi kwenye maboksi yake.

Kocha akaketi juu ya ubavu ulioanguka. "Ngazi ya tatu," alisema. "Mkono wangu wa kushoto."

"Ndiyo mimi."

"Nilidhani wewe ni mtu mkubwa. Mwili, nasema. Kumbe tunalingana."

Spika akaweka mbao chini, akachuchumaa. Hakujua aanzie wapi. "Nisamehe, kocha."

"Kwa lipi? Ulilipa kiingilio." Kocha akavua miwani, akasugua macho. "Mke wangu aliacha kuja uwanjani, hilo lilinisumbua. Na mtoto wangu wa darasa la pili, siku moja namsikia bafuni anaimba ule wimbo wenu. Hajui maana yake. Anaimba tu kwa sababu una mdundo mzuri."

Spika akainamisha kichwa.

"Niambie kitu kimoja," kocha akaendelea. "Sikuulizi kwa ubaya. Wewe uliamini kwamba mimi nikiondoka mambo yatanyooka?"

Spika angeweza kusema uongo. Lakini mtu alikuwa amemuuliza kistaarabu, chumbani kwake, amekaa juu ya zawadi yake ya arusi. "Mwanzoni, ndiyo. Niliamini kabisa. Halafu baadaye..." Akafikiri. "Baadaye nikiingia tu uwanjani, watu wananigeukia. Wananisubiri. Kuna siku sikutaka kabisa, nilikuwa nimechoka, nilitaka nitazame mpira kama mtu mwingine. Lakini wananitazama. Nikaanza."

Kocha akacheka kimya kimya, mabega yakicheza. "Na mimi je? Mwezi wa mwisho nilikuwa naenda mazoezini kwa sababu dereva wa klabu amekuja, anapiga honi nje. Kama asingekuja ningelala." Akainuka, akashika ncha moja ya ubavu. "Haya. Shika huko."

Wakamaliza saa nane. Spika akapigilia makreti manne, akaandika juu ya kila moja kilichomo ndani. Getini kocha akampa mkono, na hawakuambiana lolote la maana. "Koo lipone," kocha alisema, na Spika akashindwa kujua kama anataniwa.

Nyumbani hakula. Mkewe, ambaye ni mhudumu wa maabara na ana mazoea ya kuangalia watu bila kuuliza, alimwachia chakula mezani akasema, "Ukiwa tayari utasema." Ikapita siku mbili ndipo akamwambia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa kifuani.

"Ulimwambia pole?"

"Nilimwambia nisamehe."

"Sawa," alisema mkewe. "Ila usinitarajie mimi nikuonee huruma. Miezi miwili nimekuambia, yule ni mtoto wa mtu, ukanijibu huo ndio mpira."

Jumamosi timu ilicheza chini ya kocha wa muda. Spika alikwenda, lakini akapita ngazi ya tatu, akapanda juu kabisa, akakaa kando ya Mwalimu kwenye jua kali. Chini watu walikuwa wanageuka geuka kumtafuta. Dakika ya themanini na nane timu ikapata penalti, nahodha akafunga, uwanja ukalipuka. Spika naye akainuka kwa sababu kila mtu aliinuka. Alifurahi, hakukataa. Lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa acheke.

Jumatatu karakana ikajaa tena.

"Mmeona?" Shemeji alikuwa amepanda juu ya stuli. "Mechi moja! Mechi moja tu ametoka, tumeshinda! Tatizo lilikuwa nani?"

"Ilikuwa penalti," Mwalimu akasema.

"Penalti si goli?"

"Beki wao kaushika mpira mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Kwani hilo nalo ni mbinu za kocha wa muda?"

"Mwalimu, wewe ukipewa pepo utauliza kwa nini ina joto. Spika, sema kitu, kaka! Ijumaa tunaanza kumwimbia kocha mpya akija, wewe ndiye unayeanzisha."

Spika akaweka msumeno chini. "Sianzishi."

"Eti?"

"Nimechoka, shemeji. Na kingine, nilikuwa nyumbani kwake Jumatano. Nilimfungulia kabati."

Mtu mmoja akapunguza redio. Akawaeleza: kitanda cha vipepeo, matundu yaliyojazwa njiti, ubavu ulioanguka, mtoto anayeimba bafuni. Alieleza kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue ikabidi wasogee ili wamsikie. Alipomaliza, mzee mmoja akakohoa. Shemeji alikuwa ameshuka kwenye stuli, anakuna shingo, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeguswa.

"Anakwenda wapi?" Shemeji akauliza taratibu.

"Hakuniambia. Kuna timu imempigia simu, anasema."

"Timu gani?" Sauti ikaanza kupanda. "Asije akawa anachukuliwa na watani wetu wa jadi!"

"Na akichukuliwa na watani?" Mwalimu akamuuliza.

"Watatumaliza! Mwalimu, usicheze, yule mtu mpira anaujua!"

Mwalimu akafumba macho. Mtu wa nyuma akasema watani hawana hela ya kumlipa, mwingine akasema wanayo, ameambiwa na binamu yake, mwingine akataka kujua kwa nini uongozi ulimwachia bure bila kumwekea kipengele cha kumzuia kwenye mkataba. Wakaanza. Shemeji akapanda tena juu ya stuli.

Spika akafunga sanduku la vifaa, akajifuta vumbi la mbao mikononi. Akamwachia Mwalimu ufunguo wa karakana, akaenda nyumbani kulala. Saa ilikuwa saa tisa mchana.