Kihispania cha Laurentine

Katika nyumba ya Ruphin, kwenye mtaa uitwao Kenya mjini Lubumbashi, lugha ya ng'ambo ilikuwa moja, nayo ilikuwa yake. Alifundisha Kiingereza shule ya sekondari, na majirani walimwita "Prof". Harusini akitokea mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, Ruphin ndiye aliyetafutwa. Mkewe Laurentine, karani wa mapokezi kwenye zahanati, alikaa kando akimshikia koti.

Kisha Laurentine akaanza kujifunza Kihispania.

Mwalimu wake aliitwa Dominique, mtu wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi Malabo, kunakosemwa Kihispania, akarudi Lubumbashi na kufungua darasa kwenye ukumbi wa parokia, mtaa wa Kamalondo. Mwanzoni Ruphin alicheka tu. "Espagnol? Utaongea na nani mu Lubumbashi?"

Lakini jioni moja, wakila ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, Laurentine alijipiga kofi shavuni, akautazama mbu kiganjani, akamgeukia mumewe.

"Papa Estelle, unajua 'mosquito' inatoka wapi? Ni espagnol. 'Mosca' njo nzi. 'Mosquito', kanzi kadogo. Baingereza balikamata ile neno vilevile."

"Najua," Ruphin alisema, na hakuwa anajua.

"Na 'cockroach'? Mende? Inatoka ku 'cucaracha'. Baingereza habakuisikia muzuri, bakaigeuza. Dominique alituambia."

Ruphin alikuwa ameandika neno hilo ubaoni kila mwaka tangu aanze kazi. Ilikuwa kama amekaa nyumbani kwake maisha yote, halafu mpangaji wa jana anamfungulia chumba asichowahi kukiona.

Tangu hapo "Dominique alituambia" ikawa kitoweo cha kila jioni. Bibi anacheka, bwana anakunja uso. Binti yao Estelle alipouliza siku moja kama Kihispania ni kigumu, Ruphin alimjibu kwamba ni Kiingereza cha watu wavivu, na Laurentine akainuka akaenda zake jikoni.

Baada ya hapo akaacha kusimulia, na huko kunyamaza kukamuumiza Ruphin kuliko yale maneno. Alimwona anapiga pasi blauzi nyeupe. Alimsikia akinong'ona mbele ya kioo, na yeye akiingia tu, mkewe ananyamaza. Akitajiwa darasa, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Ruphin hakuuliza. Aliwaza tu, na kila alilowaza lilikuwa na sura ya Dominique.

Jumamosi moja Laurentine alitoka amevaa viatu vya kanisani. Ruphin akangoja kidogo, akapanda pikipiki ya teksi-moto, akamfuata mpaka parokiani.

Somo lilikuwa limekwisha. Wanafunzi walikuwa wanatoka, na pale mlangoni Dominique alikuwa ameushika mkono wa Laurentine kwa mikono yake yote miwili.

"Laurentine," alimwambia, "te deseo mucho éxito."

Ruphin hakuwa amesoma Kihispania hata kidogo, lakini yeye si ni Prof? Alifasiri palepale aliposimama. 'Deseo' ni 'desire', hata Kifaransa ni 'désir': ninakutamani. 'Mucho' ni 'much': sana. 'Éxito' ni 'exit', neno linaloandikwa juu ya milango: kutoka. Ninakutamani sana, tutoke. Na mkewe, badala ya kuuvuta mkono wake, alikuwa anacheka!

Hajui alivyovuka uwanja. Alijikuta ameukamata mkoba wa mkewe, akauvuta, mkanda ukakatika, funguo na kitana na rangi ya mdomo vikamwagika chini.

"Mutoke muende wapi?" alifoka. "Mbele ya bantu bote! Mutoke muende wapi?"

"Nani anatoka, papa?" Dominique aliuliza kwa mshangao.

"Nimesikia na masikio yangu! Desire! Much! Exit! Unazani sijui luga?"

Msichana mmoja kati ya wanafunzi alipasuka kicheko, akajiziba mdomo. Laurentine hakucheka. Aliinama, akaokota vitu vyake kimoja kimoja.

"'Éxito' haiko kutoka," alisema bila kumtazama. "Ni kufaulu. Ameniombea nifaulu sana. Leo niko na entretien ya kazi ku Ruashi. Kampuni moja ya mugodi imeleta ba-ingénieurs ba Chile, banatafuta mukalimani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema espagnol yangu haitoshe."

Ruphin alijitolea kumsindikiza. "Bakia," alimjibu, akaufunga mkanda fundo, akasimamisha teksi-moto, akaenda.

Wanafunzi walitawanyika. Dominique, ambaye angekuwa na haki ya kumfukuza, alivuta viti viwili vya plastiki.

"Kaa, Prof. Haukukosea yote. 'Desire' na 'deseo' ni bandugu kweli, mama yabo ni Kilatini. 'Much' na 'mucho' habajuane kabisa, banafanana sura tu. Lakini 'exit' na 'éxito' ni ba tumbo moja, maana yabo ya zamani ni kutoka. Kiingereza kilibakia ku mulango. Espagnol iliangalia vile mambo inatoka. Ikitoka muzuri, njo éxito."

Ruphin alisikiliza, na alichokisikia moyoni kikamtisha. Mashaka juu ya mkewe yalikuwa yamekwisha, ila roho ilikuwa ingali inauma. Alitamani maelezo yale yote yangetoka kinywani mwake yeye.

Laurentine alipata kazi. Majirani walikuja na vinywaji, na Ruphin akampongeza mkewe, "félicitations", kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Kesho yake, wakikunja nguo pamoja, alimwambia ukweli.

"Mama Estelle, haikuwa Dominique peke. Nilisikia wivu juu yako."

"Najua," Laurentine alisema. "Na miye nilisikia wivu juu yako tangu tulioana. Kila fasi unaongea, miye nanyamaza. Ulizani sisikie kintu?"

Ruphin hakuwahi kuliwaza hilo. Aliomba msamaha, wa mkoba na wa maneno. Alisamehewa wa mkoba siku ileile. Wa maneno ulichukua muda.

Miezi michache baadaye wahandisi wawili wa Chile walialikwa chakula cha Jumapili. Ruphin aliwakaribisha kwa Kiingereza chake kizuri, kwa maneno marefu, na wale wageni wakatazamana, maana Kiingereza kiliwapiga chenga. Wakamgeukia Laurentine. Naye akaweka sahani chini, akaichukua hotuba ya mumewe, akaipeleka kwa Kihispania. Wageni wakaangua kicheko, mmoja akampigapiga Ruphin begani.

"Umebaambia nini?" Ruphin aliuliza.

"Vile ulisema."

"Sasa mbona banacheka?"

"Kula, Papa Estelle," alisema Laurentine, akimwongezea kuku. "Chakula inapoa."