Sikio la Kushoto

Brightness alipokuja kwenye maabara yetu ndogo hapa Mikumi, hakujua hata kumshika panya mkia. Mimi, Yusta, ndiye niliyemfundisha. Mwaka haujaisha, Daktari Octavian akampa yeye kazi ya kusoma jeni, mimi nikabaki na panya na kinyesi chao. Nilimwonea wivu mpaka shikamoo yake ya asubuhi ikawa inanichoma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya wote walikuwa na uvimbe wa saratani. Nusu niliwadunga seli T saidizi, wale askari wa damu, zilizofunzwa kupambana na uvimbe. Nusu nikawadunga za kawaida. Waliopata zilizofunzwa niliwakata alama sikio la kushoto, wenzao la kulia, nikaandika daftarini. Brightness akachukua damu, akawagawa panya kwa alama za masikio, akatazama ni jeni zipi zimewaka ndani ya seli hizo.

Majibu yakatoka miguu juu, kichwa chini. Seli zilizofunzwa zimelala, za kawaida ndizo zimewasha jeni za vita.

"Tupa yote," Daktari akasema. "Na ile nafasi ya masomo niliyokuahidi, Brightness, nitampendekeza mwingine."

Binti akalia. Kosa lake nililijua tangu Januari. Kwao ni wafugaji wa Tindiga, wanasoma alama za masikio wakiwa nyuma ya ng'ombe, wakiwaswaga. Mimi mtoto wa milimani Kilosa, mnyama namtazama usoni. Kushoto kwangu kwake ni kulia. Niliona, nikanyamaza, nikisema moyoni: mpanda ngazi hushuka.

Sasa ameshuka, na mimi nikataka sifa ya kujua. Huruma nayo ilikuwepo, kidogo.

"Daktari, amekosea masikio. Anawasoma panya kwa nyuma."

Daktari akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, alioandika mwenyewe siku tulipoanza. Akanisomea: "Kushoto ni kushoto kwa mnyama." Kisha akauliza, "Alama alikata nani?"

"Mimi."

"Ukiwa unawatazama usoni?"

Daktari na Brightness wakageuza orodha, na majibu yakanyooka: seli zilizofunzwa ndizo zilizowaka, tena kuliko tulivyotarajia. Nafasi ya masomo ikarudi kwa mwenyewe.

Brightness akanishika mikono yote miwili, machozi hayajamkauka.

"Asante, dada Yusta. Usingesema, ningepoteza kila kitu. Umegundua lini?"

"Leo," nikasema.