Sinyora wa Miomboni

Kalista alikuwa fundi wa ngozi mtaa wa Miomboni, Iringa, na mikoba yake ilikuwa na mteja mmoja tu wa maana. Huyo alikuwa Halfani, mnadi wa Mbeya, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kila mwezi alishuka kwenye basi, akanunua kila mkoba uliokuwa tayari, akakataa chai, akapanda basi la kurudi.

"Unaipeleka wapi yote hii, Ndugu Halfani?" Kalista aliwahi kumuuliza.

"Mbeya, dada. Wanawake wa Mbeya wanapenda mikoba."

"Na wanasemaje?"

"Wanasema mizuri."

Basi, ni hayo tu. Kazi hiyo Kalista alifundishwa na baba yake, Filemoni, aliyekuwa akiwashonea walowezi wa tumbaku matandiko ya farasi. Walowezi walipoondoka, farasi nao wakatoweka, na binti akageukia mikoba. Alishona vizuri sana na mwenyewe alijua, lakini jambo kama hilo ukilijua peke yako miaka mingi, unaanza kulitilia shaka. Watu wa Iringa waliingia dukani, wakaugeuza mkoba huku na huku, wakauliza, "Huu wa hapa hapa?" kisha wakaurudisha kwenye msumari.

Mwaka ule reli ya Wachina ilipokuwa inaingia Mbeya, mdogo wake Leokadia, aliyeolewa huko, alijifungua mtoto wa kike. Kalista akafunga duka akaenda kumwona. Asubuhi moja Leokadia alimtuma sokoni kununua ndizi za mtori, na huko, kwenye mkono wa mwanamke aliyekuwa akichagua nyanya, Kalista akauona mkoba wake.

Hakuweza kukosea. Kifuniko kile alikishona akiwa na mafua, kikapinda kidogo upande wa kushoto.

"Habari za asubuhi, dada," alisema. "Mkoba mzuri huo. Umeupata wapi?"

Mwanamke yule, Rozalia kwa jina, alifurahi kuulizwa. "Huu? Huu si wa nchi hii, mwenzangu. Umetoka Roma."

"Roma ya Papa?"

"Hiyo hiyo." Rozalia alifungua kifuniko. Ndani palikuwa pameshonewa kipande cha hariri chenye maandishi ya uzi wa dhahabu: *Varonesi, Roma*. "Na huu ndio wa mwisho. Sinyora, mama wa Kiitaliano aliyeushona, amekufa."

"Mungu amlaze pema," Kalista alisema.

"Kama unapenda vitu vizuri, njoo mnadani mchana. Ila mkoba kama huu hutaupata tena."

Kalista alipeleka ndizi nyumbani, akamwambia Leokadia kwamba anarudi mjini, akaenda.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Halfani alisimama juu ya kreti, akinadi sufuria, mablanketi na makoti ya kizee, na watu wakicheka kila alipofungua mdomo. Kalista alijibanza nyuma ya rundo la mablanketi. Hatimaye Halfani akanyamaza, akavaa glavu nyeupe polepole kama daktari, na kutoka kwenye sanduku akatoa mkoba mwekundu ambao Kalista alikuwa ameumaliza mwezi uliopita.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ya chini, mpaka wote wakasogea. "Mkoba wa mwisho wa Sinyora Varonesi. Umekuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, umepanda lori mpaka hapa. Sitaki mseme lolote. Tazameni tu huu mshono. Kila tundu na mwenzake, hakuna aliyemkanyaga jirani yake. Mama huyu hakuwa na haraka, ndugu zangu. Alishona kama mtu anayemtengenezea mwanawe kitu cha kuondokea nyumbani."

Kalista alihisi machozi yanamjaa. Maneno kama hayo hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote, hata na marehemu mume wake, ambaye alikuwa mtu mwema. Alitamani mnadi aendelee mpaka jioni. Kisha akakumbuka kwamba maneno yale, yaliyokuwa haki yake, alikuwa anapewa mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hapo machozi yakakauka.

Wanawake walikuwa wameshaanza kupandisha bei. "Naongeza!" "Na mimi naongeza!"

"Naongeza!" Kalista akapaza sauti.

"Mama wa kule nyuma anaonge..." Halfani aligeuka, akamwona, na neno likamkatikia mdomoni. Watu wa Mbeya walikuwa hawajawahi kumsikia akikosa neno.

"Endelea, Ndugu Halfani," Kalista alisema akijitokeza. "Nilikuwa nasikiliza. Huyo sinyora alikufa na nini?"

"Moyo," Halfani alijibu kwa sauti ndogo.

"Masikini! Mbona mimi sijisikii mgonjwa?"

Waliokuwa karibu wakaanza kucheka kabla hawajaelewa. Kalista akawageukia. "Mkoba huu nimeushona mimi, Kalista wa Miomboni, Iringa. Roma siijui. Hata Makambako huwa naiona kwa dirisha la basi."

"Mwongo!" Rozalia alijipenyeza mbele akiukumbatia mkoba wake. "Huyu mwanamke kaniuliza habari za mkoba wangu asubuhi. Ana kijicho!"

Watu wakagawanyika papo hapo, hawa wakizomea, wale wakitaka kusikia. Ndipo mwanamke mwingine akatoa mkoba ambao mpini wake umekatika na kufungwa kwa kamba. "Kama ni wewe kweli," alisema, "utengeneze huu."

Kalista hakuenda safari bila msharasi wake wa kutobolea ngozi, na uzi wenye nta. Aliketi juu ya mablanketi, akauweka mkoba magotini, akaanza. Alitoboa, akapitisha uzi, akavuta, na kiwanja kizima kikamwinamia. Alipomaliza aliuvuta mpini kwa nguvu zote mbele ya mwenyewe. Mpini ukatulia, na mshono mpya hukuweza kuutofautisha na wa zamani.

Mwenye mkoba alipiga kofi. "Jamani! Mwaka mzima nimeufunga kamba, naambiwa fundi yuko kaburini Ulaya. Kumbe yuko Iringa hapo!"

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Mmoja alitaka bizimu ya kufungia ikazwe, mwingine alitaka mkoba wa rangi ya kahawia kama wa dada yake, na Kalista akajikuta amezungukwa kama bibi harusi. Rozalia peke yake hakucheka. Alimwendea Halfani, akamshika kanzu kifuani. "Nimewaringia watu kanisani kwa maneno yako! Sasa nitapita wapi?"

Msimamizi wa mnada akaja kuwaachanisha. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia Halfani achague: kituo cha polisi, au amrudishie fedha kila anayetaka kurudishiwa, kisha asimame katika kila mnada alikouza mikoba ile na kusema ukweli kwa sauti ile ile aliyosemea uongo. Halfani akachagua la pili. Rozalia akarudisha mkoba wake pale pale. Wengine wengi walibaki na mikoba yao.

Kiwanja kilipopungua watu, Kalista alimkuta Halfani ameketi juu ya kreti lake, glavu ziko mfukoni.

"Kwa nini hukutaja jina langu?"

"Nilijaribu, dada. Safari ya kwanza nilisema mkoba wa Iringa. Wakauangalia kama gunia la viazi. Nikaubadilisha jina tu, wakaugombania."

"Na yale maneno ya mshono uliyatoa wapi?"

Halfani alitazama chini. "Yale ni kweli. Njiani ndani ya basi huwa nautoa mmoja naukagua mpaka nafika Igawa. Ila kukwambia nisingeweza. Ungepandisha bei."

Kalista alitaka kukasirika tena, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Halfani, baada ya kuhakikisha kwamba anacheka kweli, naye akacheka.

"Sasa utayasema tena," Kalista alimwambia. "Na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo nasikia."

Mnada uliofuata ulikuwa Igawa, ambako watu wa Usangu walileta ng'ombe, na Kalista alikuja kutoka Iringa na sanduku la mikoba. Halfani alipanda kreti, akakiri uongo wake mbele ya watu, akapigiwa miluzi, akangoja mpaka miluzi ikaisha. Kisha akainua mkoba. "Huu umeshonwa Iringa na huyu mama mnayemwona. Tazameni mshono." Alisema yote, kila tundu na mwenzake, na mtoto anayeondoka nyumbani. Hakuna aliyeongeza. Mbuzi mmoja alilia, watu wakacheka. Kalista alihisi uso unamwaka moto.

Mwanamke mmoja wa Kisukuma, Mbuke, aliyehamia huko na mumewe na mifugo yao, alikuwa ameinama juu ya sanduku lililo wazi. Akatoa mkoba ambao Kalista alibebea vifaa vyake tu, wala hakukusudia kuuuza, kwa sababu ngozi yake ilikuwa na kovu la chapa ya ng'ombe katikati ya kifuniko.

"Ngozi hii umeitoa wapi?" Mbuke aliuliza.

"Hapa hapa Usangu, mama. Samahani, huo una kasoro."

"Kasoro gani?" Mbuke akamwita mumewe. "Nkuba! Njoo uone!"

Nkuba alikuja na fimbo yake, akapitisha kidole juu ya lile kovu, akapitisha tena. Uso wake ukafunguka. "Hii chapa ya kwetu! Chapa ya mjomba Budeba! Huyu ni yule dume mwekundu aliyetuvunjia boma mara mbili!"

"Utajuaje ni yeye?" mtu akauliza.

"Kwa ukaidi wake! Tazama, amekufa na bado anakwenda mnadani!"

Kicheko kilisambaa mpaka kwa ng'ombe. Mbuke aliuvaa mkoba begani, chapa ikiangalia mbele, akatembea nao kwa maringo, na wanawake wakamfuata kuisoma chapa. Mwenye ng'ombe wa chapa ya duara akauliza kama yake imo sandukuni. Mwingine akamshika Kalista mkono. "Nikikuletea ngozi ya ng'ombe wangu mwenyewe utanishonea? Usiifiche chapa. Iweke hapa mbele, waione."

"Nitakushonea," Kalista alisema. "Mpini mrefu au mfupi?"

Halfani alishuka kwenye kreti, akakaa, akamwachia yeye uwanja.

Jioni kondakta wa basi alikataa katakata kupakia ngozi kavu walizoleta wale wanawake, zilizorundikana miguuni mwa Kalista, kwa harufu yake. Wakapata lori linalokwenda Iringa. Halfani, aliyeamua kumsindikiza mpaka mzigo ufike, alizipandisha moja moja huku ameziba pua kwa kofia.

"Mmebeba nini, mama?" dereva aliuliza, naye akikunja uso.

"Mikoba," Kalista akajibu, akapanda mbele.